Fulana yenye mfuko mgongoni

Mwanangu wa mwisho alikuwa akipekua begi la nguo za kugawa, akaibuka na fulana ya kijivu yenye kijimfuko mgongoni, katikati ya mabega. "Mama, hapa mtu anaweka nini, na anakitoaje?"

Anaweka mpira wa tenisi. Na hautoi, mwanangu, ndiyo kazi yake.

Hila hiyo ni ya siku nyingi kwa wakoromaji. Mtu akilala chali, ulimi huangukia nyuma ukabana koo. Mpira unamkera, anageukia ubavuni bila hata kuamka. Mwana wa Ami, mzee mmoja mkoromaji, alizisoma habari hizo, akampelekea fundi fulana. Kwa mtu mwenye viungo vyake vyote inafaa. Ami alikuwa amepooza upande wa kushoto kwa kiharusi, hawezi kujigeuza, na ngozi ya upande ule ilikuwa inasikia nusu. Akaulalia mpira usiku kucha. Asubuhi alikuwa na alama kando ya uti wa mgongo. Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu, gusa: pale palikuwa pa moto na pagumu kuliko pembeni yake, na ukibonyeza kwa kidole rangi haibadiliki. Hicho ni kidonda cha kulala kimeshaanza, hata kama ngozi haijachubuka. Mpira ukatoka siku hiyohiyo.

Lakini kijana hakuwa ameota, koromo lile lilikuwa na shida kweli. Nyumba nzima kule Ngamiani ilikubaliana kwamba Ami analala vizuri, ushahidi wenyewe ni kwamba anakoroma mpaka kwa jirani. Usiku uliofuata nikaenda kumpokea zamu mkewe, Mama Rehema.

Saa nane usiku koromo likakatika. Halikupungua, lilikatika, katikati. Nikaingiza mkono chini ya chandarua, nikaweka mgongo wa kiganja puani pake: hewa hakuna. Nikamulika kwa tochi ya simu, nimeifunika kwa vidole isimwamshe. Tumbo lilikuwa linafanya kazi, linapanda, na kila likipanda kifua kinabonyea, viwili hivyo vinakwenda kinyume, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu kwa upande wake. Mlango wenyewe ulikuwa koo. Nilikuwa natazama mshale wa saa ya ukutani: sekunde kumi, kumi na tano, ishirini. Mdomo ulikuwa umeelemea kushoto, mate yanamchuruzika, uso umetulia kabisa, na hilo ndilo linalomdanganya mtu. Sekunde ya ishirini na nne akavuta pumzi kwa kishindo, kichwa kikanyanyuka kidogo kwenye mto, mkono wa kulia ukapapasa shuka. Hakuamka. Akaanza kukoroma upya, na baada ya muda mfupi likakatika tena.

Pumzi ikikatika sekunde kumi au zaidi inahesabiwa. Mara tano kwa saa si kawaida. Kuanzia kumi na tano tatizo ni la wastani, kuanzia thelathini ni kubwa. Zaidi ya nusu ya waliopata kiharusi wana tatizo la pumzi usingizini, na wengi walikuwa nalo kabla, maana lenyewe hupandisha presha na kukisogeza kiharusi karibu. Mama Rehema anasema Ami alikoroma hivyo miaka yote ya ndoa. Kiharusi kikalegeza misuli ya ulimi na koo, basi hali ikazidi. Kuna namna nyingine ya kukatika ambayo tumbo nalo hutulia: pumzi inakua, inakua, halafu inafifia taratibu mpaka inasimama, kisha inaanza tena kidogokidogo. Hiyo hutoka kwenye ubongo au moyo, na kumgeuza peke yake si jibu. Kwa hiyo tazama tumbo kabla hujamwita mtu.

Tulimlaza ubavuni. Kwa kulia, upande mzima: mto wa sufi nyuma ya mgongo asirudi chali, mkono wa kushoto mbele juu ya mto mwingine, kiwiko kimenyooka kiasi, kiganja kisining'inie ukingoni, mguu wa kushoto umekunjwa, nao juu ya mto. Kwa kushoto kuna mtego: kabla hujamwachia uzito, pitisha mkono chini ya fupa la bega ulivute fupa hilo mbele, alalie fupa, asilalie kiungo chenyewe. Usimvute kwa mkono uliopooza hata kidogo, misuli inayoshika bega imelegea na kiungo kinashuka. Maumivu ya bega ndiyo yanayowaamsha wengi wao, na watu hudhani ni mawazo. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, tukainua kichwa cha kitanda kwa vipande vya mbao, kama sentimeta kumi na tano hivi, ili mate nayo yasimwendee njia ya hewa. Mito ya sponji tuliiacha: inasukuma, inarudi, usiku wa manane unaikuta sakafuni.

Yakabaki ya kwenye kikopo cha dawa. Kila usiku saa mbili alikuwa anapewa Piritoni, dawa ya mzio inayoleta usingizi, "apate usingizi". Kwa mzee aliyetoka kwenye kiharusi, dawa hiyo huweza kumchanganya akili na kuukausha mdomo, na mwenye tezi dume huweza kufungwa mkojo. Valium, dawa ya kutuliza, ni mbaya zaidi, inazidi kulegeza koo lilelile lililolegea. Dawa ya kupunguza maji mwilini nayo alikuwa akipewa jioni, kwa hiyo akikurupuka kila mara kutafuta chupa ya mkojo. Daktari wake akakubali ihamie asubuhi. Dawa ya presha hatukuigusa.

Mchana ulikuwa balaa jingine. Wageni wanakuja kumjulia hali, wananong'ona, dirisha limefungwa, mgonjwa anasinzia kutwa. Usiku atalala vipi? Mama Rehema akawa anamtoa barazani kuanzia saa moja asubuhi apate mwanga, na usingizi wa mchana ukawa nusu saa, kabla ya saa tisa. Wageni waliambiwa waongee kwa sauti zao za kawaida. Wawili watatu walinuna.

Koromo lilipungua, na presha ya asubuhi, iliyokuwa haishuki chini ya 170, ikaanza kushuka. Kipimo chenyewe cha usingizi hakikufanyika. Mashine inayosukuma hewa kwa barakoa tulimweleza, akataka kujua kwanza ataifunga vipi mikanda kwa mkono mmoja, na barakoa itakaaje kwenye mdomo ulioelemea hewa isivuje. Maswali ya haki. Hatukufika mbali.

Kipi kilimsaidia hasa? Ubavu, Piritoni kuachwa, au jua la asubuhi? Nilitaka tubadilishe kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku chache, tuandike. Mama Rehema alikuwa ameshabadilisha vyote kwa mpigo.

"We andika," akaniambia, "mie nalala."