"Kitie 104 Tu"

Kuna fundi mwenzangu wa elektroniki hapa Amu, jina simtaji, dawa yake ya kila ugonjwa ni moja: "Kitie 104 tu." Yaani kapasita, kile kidude cha kuweka chaji ya umeme, ya mikrofaradi 0.1. Nami nikamsikiza.

Nilikuwa namtengenezea mvuvi wa Shela kifaa cha kulinda betri ya mashua: ikishuka hadi volti 11.5, rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ikate taa. Volti ya kulinganishia nikaitoa kwenye TL431, chipu ndogo ya kutoa volti isiyoyumba; mguu wake wa rifarensi nimeufunga na kathodi, ikatoa volti 2.5. Juu yake nikalehemu 104, eti itulize kelele.

Usiku wa tatu mlango ukagongwa. "Mwanangu, taa zimezimika na betri imejaa!" Ami wa watu, miguu ingali na mchanga.

Volti ya TL431, mita ilisoma mara 2.3, mara 2.7. Nikailaumu chumvi, nikausugua ubao kwa spiriti. Nikasema TL431 ni feki, nikabadilisha tatu, shilingi kama mia mbili hivi zikaenda. Nikaongeza 104 ya pili! Msinicheke.

Osiloskopu sina, na mita yangu haioni mtetemo wa kasi. Basi nikaazima redio ya mama, nikaiweka masafa ya kati pasipo na stesheni, nikaisogeza kwenye ubao. Lo! Ikavuma kama mzinga wa nyuki. Nazima saketi, kimya. Nawasha, nyuki hao. Nikazungusha taratibu, mvumo ukakolea karibu na kilohezi 700. Mama akachungulia: "Wacheka nini peke yako?" Nikamwambia nimefungua stesheni.

Ndani ya TL431 mna kikuza umeme kinachotazama volti yake chenyewe na kuirekebisha. Kapasita huichelewesha habari. Ni kama mshika sukani anayesikia "demani!" chombo kishageuka: kila akirekebisha, anazidisha. Kapasita ndogo mno haina madhara, na kubwa, kama elektroliti ya mikrofaradi 10, hutuliza. Ya 0.1 huangukia katikati, kwenye balaa. Grafu ya mtengenezaji inaonyesha wazi, sema mimi nilikuwa sijaifungua.

104 sikuitupa. Niliihamishia kwenye mguu wa LM393, chipu inayolinganisha volti ya betri na ile ya TL431, baina yake na TL431 nikaweka rezista ya kiloohmu 1. LM393 hainywi mkondo wa maana, kwa hivyo volti haipungui. (TL431 nayo ipate angalau miliampea 1, isife njaa.) Mita ikasoma 2.49, ikatulia tuli. Redio kimya.

Juzi yule fundi kaja, chaja ya sola ya mteja wake inakata ovyo. Nikamuuliza kama kwao kuna redio.