Siku ya kuchapa jarida: nakala 120, Kampala

Saa 12 asubuhi ni kusoma kwa sauti. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kalamu, kwa sababu kosa likishaingia kwenye karatasi halifutiki. Jarida lina kurasa 16 za A5. Linasimulia usiku mmoja wa muziki na mashairi ukumbini. Wasomaji wake ni wale waliokuwepo usiku ule, pamoja na madijei na washairi wa Goma, Nairobi na Dar es Salaam wanaotumiwa nakala kwa basi. Hao hawahitaji kuelezwa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ni nini, wala kwamba tamasha la Nyege Nyege lilianzia Jinja mwaka 2015. Sentensi za namna hiyo zinafutwa zote. Wanachotaka kujua ni mapigo mangapi kwa dakika, spika ya kushoto ilizimika saa ngapi, na nani alishika maiki baada ya hapo. "Alitumbuiza vizuri" haimwambii kitu mtu aliyekuwepo. "Alipanda kutoka 180 hadi 220 bila kuiachia besi" inamrudisha pale pale.

Majina yanaandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika. Maneno ya watu hayasanifiwi: msanii wa Goma akisema "niko nafanya", haigeuzwi kuwa "ninafanya", maana hapo ndipo sauti yake ilipo. Ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 9, unabeba kama maneno 280. Yakizidi, kata maneno, usipunguze herufi: zikiwa ndogo mno, tona, yaani wino wa unga wa mashine, hujaza matundu ya a na e.

Saa 3, picha. Nyingi zimepigwa kwa simu gizani, na mashine ya fotokopi huzidisha giza. Uso wa mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi hutoka doa tupu. Pandisha mwanga wa rangi za katikati, zisizo nyeusi wala nyeupe, weusi wenyewe uache, kisha toa nakala moja ya kujaribia. Na aliyepigwa picha aulizwe kwanza. Wengine hawataki ukumbi ujulikane kazini au nyumbani, na jarida dogo huishi kwa kuaminiwa.

Saa 5 tuko Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Kurasa zimeshapangwa mbili mbili kwenye karatasi mama 8 za A4 za upande mmoja, yaani zile za kunakiliwa, na mashine inazitoa pande mbili: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15; 14 na 3, nyuma 4 na 13; hivyo hivyo hadi 8 na 9 katikati. Jumla ya kila jozi lazima iwe 17. Isipofika 17, simama hapo hapo. Fundi anaambiwa mapema: "Ssebo (bwana), geuza kwa upande mfupi." Ikigeuzwa kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini, na karatasi yote imepotea.

Karatasi za ndani ni 3 kwa kila nakala, yaani 360 kutoka rimu moja (karatasi 500) ya gramu 80. Zinazobaki 140 ni za kuharibika, na zitaharibika. Msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu, zikashikana, mashine ikavuta mbili kwa mpigo na ukurasa mmoja ukatoka mtupu. Zipepete kwa vidole kabla ya kuzipakia, na rimu isifunguliwe tangu jana yake. Majalada ni ya gramu 160, nunua 130. Mashine nyingi hazichapi milimita 5 za pembeni, kwa hiyo maneno yakae sentimita 1 ndani.

Saa 8 kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kunawa mikono vizuri kwa sababu ya mafuta, kisha kukunja.

Jalada ndilo lenye taabu. Tona hukaa juu ya karatasi, haizami, kwa hiyo weusi ukipita kwenye kunjo hupasuka na mstari mweupe kuonekana. Acha kunjo bila wino. Chukua kalamu iliyoisha wino na rula ya chuma, kwaruza mstari katikati mara moja, kisha kunja kwa kufuata mfereji huo. Mgongo wa kijiko unamalizia.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, unahitaji yenye mkono wa sentimita 15 au zaidi. Kama huna, fungua ile ya kawaida, weka jarida juu ya kipande cha godoro, bonyeza, kisha kunja miguu ya pini kwa kijiko kile kile. Pini 2, kila moja sentimita 5 kutoka ukingoni. Mwisho kata milimita 3 upande wa kufungulia, kwa sababu karatasi za katikati husukumwa nje kidogo.

Saa 2 usiku nakala 100 zinaingia ukumbini, zimeandikwa namba kwa penseli. 20 ni za basi. Karatasi mama zinarudi kwenye bahasha ngumu, bapa. Zikikunjwa, mstari wa kunjo hutokea kwenye kila nakala ya mara ya pili.