Kichwa cha mkuki wa Ifugao kilikuwa kinacheza, nilivyokirudisha

Jamani nimepumua. Mkuki wangu wa Waifugao, wa kule milima ya Cordillera kaskazini mwa Luzon, Ufilipino, ulianza kulegea kichwa, ukiutikisa kidogo tu unasikia tak tak, na ile pete ya henzirani iliyosukwa shingoni inazunguka yenyewe. Nikapaka mafuta, yakavuta vumbi tu. Nikazungushia uzi, wapi. Gundi niliogopa, ukishatia hutoi tena bila kuharibu.

Kumbe chuma kizima, mti ndo umesinyaa. Chuma kina mkia unaoingia ndani ya mpini, na mimi nilikuwa nimeutundika chini ya AC, hewa kavu usiku kucha. Nikautoa pale, nikauvalisha mpini mfuko mrefu wa plastiki, ndani nikaweka sponji yenye maji kidogo kwenye kikopo isiguse mti, kipimo cha unyevu kikacheza kwenye asilimia 55.

Sasa hapa ndo penyewe: mdomo wa mfuko nilifunga juu kidogo tu ya pete, chuma kikabaki nje kimepakwa nta, maana unyevu huohuo unaoponya mti unaleta kutu. Wiki ya 3 pete imekaza, tak tak hakuna.