Majitu yangu ya mita nne, na shahada niliyoambiwa ni ya madaktari

Nianze na ushauri niliopewa, maana mpaka leo unaniuma. Niliposema naomba kusoma uzamili wa afya ya kimataifa, jamaa mmoja mwenye koti jeupe alicheka: hiyo ni ya madaktari, wewe mtunza kumbukumbu utaenda kufanya nini huko? Wa pili, huyu alikuwa na nia njema kabisa, akanifundisha kuandika maelezo binafsi: anza na utoto wako, sema una ndoto ya kuokoa maisha, chomeka Malengo ya Maendeleo Endelevu, wanayapenda. Wa tatu akaapa kwamba barua ya mdhamini lazima itoke kwa mkubwa kuliko wote kazini.

Nilimpuuza yule wa kwanza tu. Hawa wawili niliwafuata kama kondoo.

Maelezo yale ninayo bado, nayasoma nikitaka kujicheka. Yanaanza na "Tangu nikiwa mtoto mdogo", halafu nimemwaga kila nilichokariri: kuanzishwa kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1948, Azimio la Alma-Ata la 1978, ndui kutangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 1980. Ukimaliza kuyasoma unaijua historia, mimi hunijui. Mkurugenzi naye, ambaye tulikuwa tunapishana kwenye ngazi tu, aliniandikia mistari minne na jina langu akalikosea. Vyuo vitatu, vyote vikanipiga chini. Na ada ya maombi hairudi.

Mwaka uliofuata nikaandika juu ya namba 41.

Iko hivi. Kwenye ripoti zetu za mwezi, watoto waliokuja na kuhara walikuwa 41. Mwezi uliofuata, 41. Uliofuata tena, 41. Ripoti zilishapanda juu na hakuna aliyeshtuka. Nikamfuata muuguzi aliyekuwa anazijaza. Nilimkuta, dada wa watu, na daftari la kawaida alilolipiga mistari mwenyewe kwa rula, kwa sababu rejista zilikwisha na mpya hazikuletwa. Wagonjwa anawaandika wote, hamwachi hata mmoja, ila muda wa kujumlisha hana, basi mwisho wa mwezi ananakili namba ya nyuma. Tukakaa jioni mbili tukahesabu mstari kwa mstari: 38, 57, 63. Kuhara kulikuwa kunapanda huku sisi tunaripoti shwari.

Nikayaandika hayo kwenye ukurasa mmoja, ndoto hata moja sikuitaja. Barua ya mdhamini nikamwomba msimamizi wangu wa kila siku, yule aliyekuwa ananigombeza kwa ripoti kuchelewa. Akaandika hata hayo magomvi. Nikapata nafasi na ufadhili wa nusu ya ada na ushee, kwa masomo ya masafa, miaka miwili, mchana niko kazini kama kawaida. Habari za kuthibitisha vyeti, mtihani wa lugha na fomu zake siziandiki, kila mtu anazijua.

Muhula wa kwanza nilihangaika kusoma kila makala iliyowekwa kwenye orodha, kuanzia neno la kwanza. Usifanye hivyo. Mimi sasa naanza na mbinu za utafiti na jedwali la kwanza, naangalia walipimwa akina nani na wangapi walipotea njiani, ndipo naamua kama hitimisho linastahili muda wangu. Mengi hayastahili.

Tasnifu ndiyo iliyonivua nguo. Niliambiwa tasnifu ya maana ni ile unayokusanya data mwenyewe. Kamati ya maadili ikakaa na maombi yangu miezi mitano, ikayarudisha yarekebishwe. Nikaona huku nitazeekea. Nikaomba data za uchunguzi wa kitaifa wa kaya, zile za DHS (tafiti za hali ya watu na afya), ambazo wakati ule mtafiti alijisajili, akaeleza anataka kufanya nini, akapewa bure. Mada yangu: udumavu wa watoto walio chini ya miaka 5 na elimu ya mama.

Mtoto huhesabiwa amedumaa kama alama Z ya urefu kwa umri wake (inayoonyesha yuko juu au chini ya kiwango cha kati cha rika lake kwa mikengeuko sanifu mingapi, sifuri ikiwa ndicho hicho cha kati) iko chini ya −2, kwa vigezo vya WHO vya mwaka 2006, vilivyotokana na kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Nikapakua, nikapiga hesabu, asilimia yangu ikatoka chini ya ile ya ripoti rasmi kwa pointi tatu hivi. Mtu mwenye akili angejiuliza amekosea wapi. Mimi, bingwa wa namba 41, nikaona nimewakamata! Nikaandika kurasa mbili nzima kueleza jinsi ripoti ya taifa ilivyozidisha udumavu, nikamtumia msimamizi wa tasnifu saa saba usiku, nikalala usingizi mnono.

Asubuhi nikakuta jibu la mstari mmoja: "Wastani wa alama Z kwenye data yako ni ngapi?"

Nikapiga. Wastani: +7 na kitu. Yaani hao watoto ninaowaita wamedumaa walikuwa majitu. Nikapanga safu ile kuanzia ndogo hadi kubwa, nikakuta chini kabisa 9998, 9998, 9998, ukurasa baada ya ukurasa. Alama zile huandikwa bila nukta, −200 ikimaanisha −2.00, na 9998 si kipimo hata kidogo: ni msimbo wa kusema kipimo hiki kina kasoro, usikitumie. Mimi nilikuwa nimekihesabu kama alama 99.98. Mtoto wa miaka miwili mwenye alama hiyo angekuwa na kama mita nne, anachungulia ghorofani bila ngazi. Na kwa kuwa majitu hayadumai, kila moja liliingia upande wa watoto wenye afya na kunishushia asilimia. Kana kwamba hiyo haitoshi, uzito wa sampuli, ile namba inayosema kila mtoto aliyepimwa anawakilisha wengine kwa kiasi gani, nao sikuutumia. Ule unatakiwa ugawanywe kwanza kwa 1,000,000, na maelezo yake yamo kwenye mwongozo ambao niliuruka kwa kuwa ni mrefu.

Nilinywea. Wiki nzima sikumjibu yule mama msimamizi wa tasnifu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufanya lolote, natoa namba ndogo na kubwa kuliko zote katika kila safu, na natengeneza upya jedwali moja la ripoti rasmi mpaka lilingane na lao hadi desimali. Lisipolingana, siendelei. Ilinichukua siku tisa mara ya kwanza, na ndizo siku nilizojifunza takwimu kuliko muhula mzima.

Kwenye utetezi, mtahini wa nje alifungua tasnifu katikati akauliza: "Watoto wangapi umewaondoa kwenye uchambuzi, na kwa sababu gani?" Nilikuwa na daftari pembeni, nimelipiga mistari kwa rula. Nikamsomea msimbo mmoja mmoja, idadi na sababu yake, mpaka akaniambia inatosha.