Itafuteni Zoey's Extraordinary Playlist
Jamani, kama hamjaitazama tamthilia hii, itafuteni. Zoey, mtengeneza programu wa San Francisco, yuko ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, tetemeko la ardhi linapopiga. Akitoka, anaanza kusikia ya moyoni mwa watu yakiimbwa, tena na kuchezwa! Nilicheka sana. Halafu akaja Mitch, baba yake. Ugonjwa wa ubongo umemnyang'anya sauti, hata kusogea ni kazi. Ghafla anainuka, anamwimbia bintiye kwa sauti nyororo, na anayemsikia ni Zoey peke yake. Hapo machozi yalinitoka. Mtunzi wake, Austin Winsberg, alimpoteza baba kwa ugonjwa huohuo, na uchungu huo unausikia. Misimu ni 2 tu, 2020 hadi 2021. Msiruke kipindi hata kimoja.