Hata kupumzika kwako kunachosha

Nimerudi salama. Nguo nimeshafua, mchanga bado unatoka kwenye pindo za begi, barua ya uhamisho niliyoililia mwaka mzima imetoka na mwezi ujao nahamia wodi ya wazazi, na posa ya mdogo wangu imejibiwa vizuri (hongera kwake, mengine atayasema mwenyewe). Ningeandika kuhusu hayo. Lakini kuna sentensi moja imenikaa kifuani tangu Unguja, na nisipoitoa hapa nitaishia kuitoa kwa mgonjwa asiye na hatia.

Tulikuwa Kiponda, asubuhi, jua halijafika chini uchochoroni. Mimi na Bibie tumekaa kwenye baraza ya nyumba ya watu, mgongo ukutani. Bibie mnamjua, ndiye yule aliyenifichia viatu siku ya sendofu. Alikuwa na chungwa lililomenywa kwa kisu, lile linalobaki na ngozi nyeupe kama limevaa kanzu, amelikata juu na anafyonza bila haraka yoyote duniani. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nikamwambia, tena kwa upole:

"Tukiondoka sasa hivi tunawahi Ngome Kongwe kabla jua halijawa kali. Tukitoka hapo tunapita Hamamni, halafu Mkunazini kanisani, mchana tunakula Darajani, alasiri—"

Hakuniangalia. Alitema kokwa kiganjani, akasema:

"Shoga, wewe hata kupumzika kwako kunachosha."

"Unachoka na nini na wewe umekaa?"

"Ndiyo hicho ninachokwambia."

Akarudi kwenye chungwa lake. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya, nimezoea watu wenye hasira, ndiyo kazi yangu. Hakuwa na hasira hata chembe. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Maji ya chungwa yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, wala hajifuti.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, mzee aliyekuwa kaketi baraza ya ng'ambo, kikombe cha kahawa mkononi, ambaye tulishamwamkia na akatuitikia vizuri kabisa, naye akaona achangie:

"Mwache mwenzio, mwanangu. Mji huu haukimbii."

Bibie akacheka hadi akakohoa. Mimi nikacheka pia, maana ungefanya nini? Lakini jibu nililokuwa nalo lilikuja usiku, feni inazunguka, mwenzangu anakoroma. Mji haukimbii, sawa babu. Ila unaanguka.

Nilipokwenda Zanzibar mara ya kwanza nilikuwa chuo, tumekwenda kundi zima. Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu lenyewe, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na ndani siku zile kulikuwa na makumbusho. Tumesimama pale tunahesabu nguzo. Mmoja wetu akasema njaa inauma, twendeni tukale urojo, humu tutaingia safari nyingine. Tukakubali wote. Urojo ulikuwa mtamu, sikatai. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakafa. Nilikuwa zamu ya Krismasi, nikaiona ile picha kwenye simu ya mwenzangu, vumbi na vifusi mahali pale pale tuliposimama na njaa zetu. Safari hii nimelitazama tena kwa nje tu.

Kwa hiyo ndiyo, nina orodha. Mtu akiniambia tutakwenda kesho, mimi huwa nauliza kesho saa ngapi. Haya yote ningemjibu Bibie pale pale, kwa sauti nzuri, na mzee angenyamaza na kahawa yake. Badala yake nilisema "haya bwana" na kuzima simu. Nimelirudia lile jibu bafuni, nimelirudia kwenye daladala, juzi nimelirudia nikiwa nabadilisha dripu hadi mgonjwa akaniuliza, "Sista, unasemaje?"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kanisani Mkunazini hakuchoka. Tulifika siku iliyofuata, kwa mwendo wake yeye, saa nne imeshapita. Kanisa limejengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, soko lenyewe lilifungwa mwaka 1873, na altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watu. Uani kuna sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni. Bibie aliinama pale ukingoni, akaangalia uso mmoja baada ya mwingine. Mimi ndiye niliyemaliza kwanza. Nilimsubiri kivulini, nikajikuta nimekunja mikono kama mzazi mlangoni mwa shule, na sikusema kitu, mungu shahidi, ingawa nilikuwa na cha kusema.

Jioni tukashuka Forodhani. Vijana walikuwa wanajirusha baharini kutoka ukingoni, mmoja anakimbia umbali mrefu, anajikunja hewani, anaangukia maji, watu wanapiga makofi, yuko wa pili tayari. Tumekaa ukutani na juisi ya miwa. Nikaona bahari iko hapo, majumba yako hapo, hapa nisiposimulia vita vya 1896 nitapasuka. Nikasimulia. Hamad bin Thuwaini amekufa tarehe 25 Agosti, binamu yake Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila kuwauliza Waingereza, nao wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshatoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga, kutoka kwenye maji haya haya wanayoogelea watoto. Dakika 38, wengine wanahesabu 45, mambo yakawa yamekwisha. Ndiyo vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa, na kwa Waingereza aliumia baharia mmoja. Huwa watu wanachekea zile dakika, mimi nikifika kwenye ile 500 kicheko kinakata.

Bibie alikuwa anaangalia vijana wanaoruka. Aliitikia "mh" mara moja, na hata hiyo "mh" nadhani ilikuwa ya yule aliyepiga mbizi kwa kichwa. Nikajisemea, unaona, namchosha. Nikanyamaza njia nzima hadi nyumba ya wageni, zile ngazi zake za mwinuko nikazipanda bila hata kulalamika, na mnajua napenda kulalamika.

Siku zilizobaki sikufungua orodha. Tulikaa. Kukaa kwenyewe si kubaya, nitakuwa mkweli. Muuza kahawa anapita na dele lake anagonganisha vikombe, kwa mlio ule unajua yuko kona ipi kabla hujamwona. Watu wanasalimiana mpaka habari za mbuzi. Lakini nilikaa kama mtu aliyeambiwa akae.

Halafu boti ya kurudi. Bahari ilikuwa na mawimbi kidogo, mimi nimefumba macho nazuia tumbo, Bibie yuko katikati yangu na mama mmoja mtu mzima mwenye kapu la vikolombwezo vya nyumbani. Nasikia sauti ya Bibie, ile ya kwenye vikao vya harusi:

"Mama, unajua pale ikulu kulipigwa vita vya robo saa?"

"Acha, mwanangu!"

"Haki ya Mungu. Sultani amekaa kwenye kiti siku mbili tu. Wazungu wakamwambia mwisho wako saa tatu. Yeye akadhani mzaha. Saa tatu na dakika mbili, mama, dakika mbili tu, mizinga! Ikulu chali. Akachomoka mlango wa nyuma, akajificha kwa Wajerumani. Na Wajerumani wakamtorosha wakampeleka wapi? Nikwambie? Dar es Salaam!"

"Dar yetu hii?"

"Hii hii. Sisi tunatoka Dar kwenda Unguja kupumzika, mwenye Unguja yake alikimbilia Dar."

Yule mama akatafakari, akasema, "Maskini. Na foleni ile?"

Nilicheka hadi kichefuchefu kikaondoka. Mlango wa nyuma ameuongeza mwenyewe, sijui ameutoa wapi. Lakini Khalid alipelekwa Dar kweli, nilimwambia pale ukutani, mwishoni kabisa, wakati naamini nazungumza na mawimbi. Ameshika hata zile dakika mbili! Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikafumbua macho:

"Dakika 38. Si robo saa."

Bibie akamgeukia yule mama, akaninyooshea kidole. "Umemwona? Huyu ndiye niliyekwenda kupumzika naye."

Mama akaniangalia kwa huruma, akanipa ndizi.

Hatujalizungumzia tena, na sidhani kama Bibie anakumbuka alisema kitu. Jana amenitumia ujumbe kwamba twende Kilwa tukijaliwa, orodha niandike mimi, ila isizidi vitu vitatu. Nimeandika vitatu. Cha tatu ni Songo Mnara, ambacho ni kisiwa kizima chenye magofu yake na kinataka mashua, lakini hajaweka sharti la ukubwa.

Nilitaka niishie hapo nilale, ila Mama amepiga simu nikiwa naandika. Ananiuliza habari za Unguja, ananiambia posa imependeza, halafu kwa mbali, kama anataja bei ya nyanya, eti kiatu cha kushoto hakimwingii tangu Jumapili. Mguu ule ule. Nikamwomba mdogo wangu ashike simu, nikamwelekeza abonyeze juu ya kifundo kwa kidole gumba, ahesabu hadi tano, aachie. Kasema shimo limebaki. Sukari hajapima tangu vipimo viishe na hakumwambia mtu kwa sababu nilikuwa likizo. Kesho niko zamu ya asubuhi na mtu wa kubadilishana naye anauguliwa na mtoto. Shangazi ana gari lakini haendeshi mjini. Nimemwambia mdogo wangu waondoke saa kumi na mbili, kabla hajala, na abebe kile kitabu cha kliniki cha jalada la kijani, maana kile cha bluu ni cha zamani na ndicho Mama hupenda kubeba.