Datsun 240Z: kabureta ya nyuma imetii

Imetulia! Sailensa, yaani kasi ya injini bila kukanyaga mafuta, imesimama kwenye mizunguko 750 kwa dakika, haipandi wala haishuki, injini ikiwa ya baridi au ya moto.

Mnaofuatilia mnakijua kisa. Injini ya L24, silinda sita, kabureta (zinazochanganya petroli na hewa) mbili za Hitachi za muundo wa SU, ya mbele inalisha silinda tatu za mbele, ya nyuma tatu za nyuma. Plagi tatu za mbele nyeusi tii, tatu za nyuma nyeupe kama chaki. Injini ikipata joto, sailensa inapaa yenyewe. Ukiishusha, gari linazimika kwenye mataa. Mafundi wakasema koili, wengine jeti (kitundu kinachopitisha petroli), mmoja akanishauri nizing'oe zote mbili nifunge kabureta moja ya gari lingine. Nilikataa katakata. 240Z bila kabureta zake mbili si 240Z.

Klirensi (nafasi) za valvu zilikuwa sawa, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Taiming sawa. Gasketi ya manifoldi mpya. Weusi wa mbele ulielezeka: Dodoma tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, petroli inazidi. Lakini weupe wa nyuma?

Nikapuliza klina ya kabureta kwenye ncha ya shafti ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) cha kabureta ya nyuma, injini ikabadili mlio papo hapo. Shafti ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake. Hewa inapenya pembeni, silinda 4, 5 na 6 zinakosa mafuta ya kutosha, na hakuna skrubu inayotibu hilo. Ukiongeza petroli kufidia hewa ya wizi, sailensa inapata nafuu, halafu ukikanyaga gari linakohoa moshi mweusi.

Fundi wa kukereza vyuma huku Kizota alichonga bushi za shaba. Uzuri wa kazi yake ni kwamba alipitisha rima (kifaa cha kusawazisha tundu) moja ndefu kutoka upande hadi upande, matundu yote mawili yakakaa mstari mmoja. Yakipishana kidogo tu, kipepeo kinakwama. Huyu bwana anastahili heshima.

Kusawazisha hewa ya kabureta mbili nimetumia kipande cha bomba la mpira sikioni, nikisikiliza mvumo. Vile vipimo vya kioo vyenye kigoroli ndani vinaziba hewa kiasi, injini inabadilika wakati unaisoma. Mpira hauigusi. Nati za jeti nilianza na mizunguko miwili na nusu kushuka, nikazipandisha hadi karibu miwili. Plagi zote sita sasa zina rangi ya kahawia.

Wiki hii ilikuwa ya breki, nazo zitasubiri. Kilichokula shafti ile ni vumbi, na vumbi letu mnalijua. Gari la aina hii ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, kwenye barabara za vumbi hizi hizi. Kwa hiyo naunda boksi jipya la hewa, sponji mbili zilizolowekwa oili, mdomo ukitazama juu, mbali na tairi. Bati nimeshalikata. Aliye na sponji nene isiyoyeyuka kwa petroli aniambie anainunua wapi hapa mjini.